Namna ya Kuandika Anwani ya Uingereza Bila Kupotezwa na Majina ya Kaunti

Mtu anayeandika anwani ya ndugu yake aliyeko Uingereza huanza vizuri, kwa jina, namba ya nyumba na barabara, kisha hukwama anapofika kwenye kaunti. Barua ya zamani iliyohifadhiwa nyumbani inasema Middlesex, bahasha ya benki inasema Hounslow, ndugu mwenyewe akipigiwa simu anasema anakaa London, na fomu iliyo mbele ya mwandishi haikubali kwenda ukurasa unaofuata mpaka kisanduku cha kaunti kijazwe. Inawezekana kabisa kwamba wote watatu wamesema kweli. Uingereza ina ramani mbili ambazo hazijawahi kulingana, ya posta na ya serikali za mitaa, na majina ya kaunti yanayozunguka midomoni mwa watu mara nyingi ni mabaki ya ramani ya tatu ambayo serikali iliifuta zamani. Anwani ni mali ya ramani ya posta peke yake. Ukilishika hilo, sehemu kubwa ya utata huu inaisha, na kinachobaki ni kujua pa kuuliza unapoihitaji ramani ile nyingine.

Msomaji wa Tanzania ana sababu ya pekee ya kuchanganyikiwa hapa, kwa sababu postikodi za kwao zimejengwa juu ya mipaka ya utawala: tarakimu za mwanzo zinaonyesha kanda, mkoa na wilaya, na tarakimu zote tano kwa pamoja zinafika kwenye kata. Aliyeuzoea utaratibu huo, hasa baada ya kazi kubwa ya anwani za makazi iliyofanyika mwaka 2022, atadhani kwamba postikodi ya Uingereza nayo inamweleza mtu yuko chini ya halmashauri gani. Haimwelezi. Mkenya yuko karibu zaidi na hali ya Uingereza bila kujua, kwani anwani yake ni sanduku la posta pamoja na namba ya ofisi ya posta, kama 00100 ya Nairobi au 80100 ya Mombasa, na kaunti 47 zilizoanza kazi mwaka 2013 hazina mstari wowote katika anwani hiyo.

Mistari inayohitajika, na usioandikwa

Anwani kamili ya Uingereza ina jina la mpokeaji, namba ya nyumba na barabara, jina la kijiji au kitongoji pale linapohitajika, mji wa posta kwa herufi kubwa, na postikodi katika mstari wake wenyewe. Barua inayotoka nje huongezewa jina la nchi chini kabisa. Anwani ya maktaba ya taifa ya nchi hiyo inaandikwa hivi:

British Library
96 Euston Road
LONDON
NW1 2DB
UNITED KINGDOM

Mstari wa kaunti haumo, wala hautakiwi. Shirika la posta la huko, Royal Mail, liliacha kuidai kaunti katika anwani mwaka 1996, na tangu wakati huo mashine na watu wake huchambua barua kwa postikodi na mji wa posta. Ukiiandika kaunti iliyo sahihi, barua itafika. Ukiiandika iliyokosewa, barua kwa kawaida itafika vilevile, maadamu postikodi ni sahihi. Ushauri wangu ni kuiacha kabisa, kwa sababu kila mstari usiohitajika ni nafasi nyingine ya kukosea, na bahasha yenye mistari minane huleta shaka palipokuwa hapana shaka.

Mji wa posta ndio unaohitaji uangalifu. Huu ni mji ambao posta huutumia kusambaza barua za eneo fulani, na si lazima uwe mji ambao mpokeaji anaishi, wala si lazima uwe katika kaunti yake. Tazama anwani ya Wimpole, jumba kubwa la kihistoria linalotunzwa na shirika la National Trust:

Wimpole Estate
Arrington
ROYSTON
SG8 0BW
UNITED KINGDOM

Arrington ni kijiji kilichomo Cambridgeshire. Royston, ambao ni mji wake wa posta, umo Hertfordshire. Herufi SG zinatokana na Stevenage, mji mwingine wa Hertfordshire ulio kusini zaidi. Zamani posta ilipodai kaunti, barua za vijiji vyote vinavyohudumiwa na Royston ziliandikwa Hertfordshire hata kama mpokeaji alikuwa hajawahi kulala nje ya Cambridgeshire. Leo wenye jumba lile huandika Cambridgeshire wanapotaka wageni walione kwenye ramani, na mtu mwingine mwenye orodha ya zamani bado ataandika Hertfordshire. Hakuna anayedanganya kati yao: mmoja anaeleza jumba liko wapi, mwingine anaeleza barua zilipitia wapi. Anayeandika bahasha hana haja ya kuamua kati yao. Anaandika Arrington, Royston, SG8 0BW, basi.

Jina la halmashauri, vivyo hivyo, halina nafasi kwenye bahasha. Watu wengi hunakili maneno kama London Borough of Brent au West Northamptonshire kutoka kwenye hati ya kodi na kuyaweka kama mstari wa anwani, wakidhani wanaongeza usahihi. Hayo ni majina ya taasisi zinazozoa taka na kukusanya kodi. Mgawa barua hayatumii.

Kwa nini majina yamekuwa mengi hivi

Mwaka 1965 serikali iliunda London Kubwa, yenye mitaa 32 ya utawala pamoja na lile eneo dogo la kale la City. Baraza la Kaunti ya Middlesex likafutwa tarehe 1 Aprili mwaka huo. Sehemu kubwa ya eneo lake ikaingia London Kubwa, Potters Bar ikapelekwa Hertfordshire, na Staines pamoja na Sunbury zikapelekwa Surrey. Posta haikufuata. Iliona kwamba kubadili anwani za watu wote hao ni gharama kubwa mno, ikaendelea kuitambua Middlesex kwa miaka 31, hadi pale ilipoziacha kaunti zote. Ndiyo sababu mtu wa Enfield, Harrow au Uxbridge bado huandika Middlesex kwa mazoea ya wazazi wake, mwenzake wa Croydon huandika Surrey, wa Bromley huandika Kent, na wa Romford huandika Essex, ingawa wote wanne wamo ndani ya London Kubwa na wanampigia kura meya mmoja.

Uwanja wa ndege wa Heathrow, mlango wa wageni wengi kutoka Afrika Mashariki, unaonyesha mkorogo huu mahali pamoja. Kiutawala, sehemu yake kubwa imo katika mtaa wa Hillingdon. Mji wake wa posta ni Hounslow, ambao ni jina la mtaa mwingine. Postikodi yake huanza na TW, yaani Twickenham, iliyomo katika mtaa wa tatu, Richmond upon Thames. Na makampuni ya uwanjani hapo bado huchapisha Middlesex kwenye karatasi zao rasmi. Mtu akiuliza ni jina lipi kati ya hayo manne ndilo la kweli, jibu linategemea anataka kupeleka barua, kulipa kodi au kusimulia historia.

Mabadiliko makubwa zaidi yalikuja tarehe 1 Aprili 1974 kwa sheria ya mwaka 1972. Zikazaliwa kaunti mpya kama Avon, Cleveland, Humberside na Merseyside, Rutland na Westmorland zikatoweka, Bournemouth ikatolewa Hampshire na kupewa Dorset, Slough ikahama kutoka Buckinghamshire kwenda Berkshire, na Abingdon ikatoka Berkshire kwenda Oxfordshire. Kisha sehemu ya kazi hiyo ikatenguliwa. Avon, Cleveland na Humberside zilifutwa mwaka 1996, Rutland ikarudishiwa baraza lake mwaka 1997, na mwaka 1998 Baraza la Kaunti ya Berkshire likavunjwa na kazi zake kugawiwa halmashauri sita, ikiwemo ya Reading. Northamptonshire ilipoteza baraza lake mwaka 2021 na kugawanywa pande mbili, Cumbria ikafuata mwaka 2023. Tarehe hizi zina faida moja ya vitendo: ukiona Avon au Humberside kwenye bahasha, unajua kwamba anwani hiyo iliandikwa kwa mara ya kwanza kati ya mwaka 1974 na 1996, au ilinakiliwa na mtu asiyetaka kuiangalia upya.

Katikati ya mafuta-futa haya, jina la kaunti linaweza kuendelea kuishi bila baraza. Berkshire ingali kaunti ya kiitifaki, yaani eneo lenye mwakilishi wa mfalme kwa ajili ya sherehe na heshima, na ingali kwenye ramani za kawaida. Lakini anayetafuta ofisi ya Baraza la Kaunti ya Berkshire ili alipe kodi au aombe shule atatafuta mpaka achoke.

Kuisoma postikodi

Kwa kuwa kila kitu kinaitegemea postikodi, inafaa kujua kuisoma na kuikagua. Ina sehemu mbili zinazotenganishwa na nafasi. Sehemu ya kwanza huanza na herufi moja au mbili za eneo, kama RG kwa Reading, LE kwa Leicester au NN kwa Northampton, zikifuatwa na namba ya wilaya ya posta. Sehemu ya pili ina alama tatu siku zote: tarakimu moja, halafu herufi mbili. Postikodi moja kwa wastani hubeba anwani 15 hivi, kwa hiyo postikodi pamoja na namba ya nyumba hutosha kumfikisha mgawa barua mlangoni.

Herufi C, I, K, M, O na V hazitumiki kamwe katika zile herufi mbili za mwisho. Ukisoma mwandiko wa mtu na kuona kitu kama O mwishoni, hiyo ni D au Q. Ukiona kama O au I mwanzoni mwa sehemu ya pili, hiyo ni sifuri au moja, kwa sababu pale hukaa tarakimu tu. Nimeona watu wakibishana muda mrefu juu ya picha ya bahasha iliyotumwa kwa simu, wakati kanuni hii ingemaliza ubishi mara moja.

Usijaribu, hata hivyo, kukisia jiografia kutokana na herufi na namba hizo. Ndani ya London, SE2 haiko karibu na katikati ya jiji kwa kuwa namba yake ni ndogo. Ni Abbey Wood, pembezoni kabisa, iliyopewa namba 2 kwa sababu wilaya zilipangwa kwa alfabeti ya majina yao baada ya ile ya kwanza. Kijiji cha Sewardstone kina anwani ya London, E4, ilhali kimo Essex. Nje ya London mipaka inayorukwa ni mikubwa zaidi. Postikodi za SY zinatokana na Shrewsbury, mji wa England (moja ya nchi nne zinazounda Uingereza, pamoja na Wales, Uskoti na Ireland ya Kaskazini), lakini SY23 ni Aberystwyth, kwenye pwani ya magharibi ya Wales. CH ni Chester, England, lakini CH5 hufika Deeside, upande wa Wales. TD makao yake ni Galashiels, Uskoti, na TD15 ni Berwick-upon-Tweed, mji wa England. Haya si mambo ya kuchekesha tu. Wales haitozi malipo ya dawa zinazoandikwa na daktari, England hutoza, na mgeni aliyepanga chumba Deeside akiamini kwamba CH inamaanisha England atakuwa amejipangia bajeti ya nchi nyingine.

Unapoihitaji ramani ya serikali

Kuna shughuli ambazo bahasha haiwezi kukusaidia: kulipa kodi ya halmashauri, kuomba nafasi ya shule, kuuliza siku ya kuzolewa taka, kuomba msaada wa nyumba, na kujiandikisha kupiga kura. Raia wa Kenya, Tanzania, Uganda na Rwanda wanaoishi Uingereza kihalali wanaruhusiwa kujiandikisha na kupiga kura huko kwa sababu nchi zao zimo katika Jumuiya ya Madola. Raia wa Burundi na wa Kongo hawana haki hiyo kwa njia hiyo. Nchini England na Wales daftari la wapiga kura hutunzwa na halmashauri, si na posta, kwa hiyo hapa mpaka wa halmashauri ndio unaotawala.

Njia ya uhakika ni kufungua tovuti ya serikali, GOV.UK, kwenye ukurasa wa kutafuta halmashauri ya mtu, na kuingiza postikodi ya nyumba. Pale ambapo postikodi imegawanyika kati ya halmashauri mbili, jambo linalotokea kweli, huulizwa nyumba yenyewe. Usiichague halmashauri kwa kufananisha majina. Jibu linaweza kuwa jina moja, au majina mawili, na majina mawili si kosa la mtandao: katika sehemu nyingi za England kuna baraza la kaunti, linaloshughulikia shule, barabara, maktaba na ustawi wa jamii, na chini yake halmashauri ya wilaya, inayokusanya kodi, kuzoa taka na kutunza daftari la wapiga kura. Kwingine halmashauri moja hufanya yote. Wales ina halmashauri 22 na Uskoti 32, zote za ngazi moja tangu mwaka 1996, na Ireland ya Kaskazini ina 11 tangu 2015, zote zikitumia postikodi za BT. Huko England mipango ya kuziunganisha ngazi hizo inaendelea, kwa hiyo jibu ulilopewa na rafiki miaka mitatu iliyopita linafaa kuhakikiwa upya.

Leicester ni mfano mzuri, na ni mji ambao wengi wa pande zetu wana jamaa huko, kwani familia nyingi zenye asili ya Asia zilizofukuzwa Uganda na Idi Amin mwaka 1972 zilikwenda kuishi hapo. Jiji la Leicester limekuwa na halmashauri inayojitegemea kwa kazi zote tangu Aprili 1997. Baraza la Kaunti ya Leicestershire ni chombo kingine kabisa na haliliendeshi jiji. Sasa chukua familia mbili zenye anwani inayoishia LEICESTER, na postikodi zote mbili zikianza na LE2. Ya kwanza inaishi ndani ya jiji, na mambo yake yote yako Leicester City Council. Ya pili inaishi Oadby, kilomita chache tu kutoka hapo. Hii hulipa kodi kwa Oadby and Wigston Borough Council, na huomba shule kwa Baraza la Kaunti ya Leicestershire. Bahasha zao zinafanana karibu kila kitu, na halmashauri zao hazifanani hata moja.

Kosa katika mfano huu lina gharama. Nchini England mzazi huomba nafasi ya shule ya serikali kupitia halmashauri ya mahali anapoishi, hata kama shule anayoitaka iko katika eneo la halmashauri nyingine. Tarehe ya mwisho ni 31 Oktoba kwa sekondari na 15 Januari kwa shule ya msingi. Mzazi wa Oadby anayejaza fomu ya jiji kwa sababu anwani yake inasema Leicester anaweza kuelekezwa kwingine tarehe ikiwa imeshapita, na ombi lililochelewa hushughulikiwa baada ya yale yaliyowahi. Kama una hati ya kodi ya halmashauri, iangalie kwanza. Jina la taasisi iliyoitoa limeandikwa juu yake, na ndilo jibu.

Fomu inayodai kaunti kwa lazima

Tovuti nyingi za maduka, vyuo na mashirika bado zina kisanduku cha kaunti chenye alama ya lazima, miaka mingi baada ya posta yenyewe kuacha kukihitaji. Naona huu ni uzembe wa watengenezaji, ambao hunakili fomu iliyotungwa kwa ajili ya majimbo ya Marekani na kubadilisha neno moja. Kwa kuwa fomu haitabishana nawe, ijibu hivi. Kwa anwani yoyote ya London andika London kwa mara ya pili, au Greater London kama orodha inayo. Kwa England nje ya London andika kaunti ya kiitifaki, maana ndiyo inayopatikana katika orodha nyingi: Berkshire kwa Reading, Northamptonshire kwa Northampton, Buckinghamshire kwa Milton Keynes. Kwa miji ya Uskoti rudia jina la mji. Kwa Ireland ya Kaskazini tumia mojawapo ya kaunti sita za jadi, kama County Antrim au County Down.

Pale ambapo fomu inakuruhusu kuingiza postikodi na kuchagua anwani kutoka orodha inayotokea, chagua hapo na usiibadilishe, hata kama mpangilio wake si ule uliouzoea. Orodha hiyo kwa kawaida hutokana na hazina ya anwani ya Royal Mail, na benki, makampuni ya simu na wengineo huitumia kulinganisha kumbukumbu. Mtu aliyejiandikisha benki kama mkazi wa Croydon, Surrey, na kwenye daftari la wapiga kura kama mkazi wa Croydon, London, kwa kawaida hatakwama, kwa kuwa kinacholinganishwa ni namba ya nyumba na postikodi. Lakini aliyeandika Flat 2, 14 (yaani fleti ya pili katika nyumba namba 14) kwenye hati moja, na 14B kwenye hati nyingine, anajitafutia usumbufu ambao kaunti haihusiki nao. Andika namna moja kila mahali.

Fomu za Uingereza zinazomtaka mtu wa Afrika Mashariki aandike anwani yake ya nyumbani zina tatizo lilelile kwa upande wa pili. Mkenya aweke jina la kaunti yake pale kisanduku kinapolazimisha, na namba ya ofisi yake ya posta katika sehemu ya postikodi. Mtanzania aweke mkoa na postikodi ya kata yake.

Anwani za zamani na vifupisho

Katika barua za miaka ya nyuma utakutana na vifupisho ambavyo havijielezi. Herts ni Hertfordshire, Bucks ni Buckinghamshire, Northants ni Northamptonshire, Middx ni Middlesex, na hizo hukisiwa bila shida. Lakini Hants ni Hampshire, Oxon ni Oxfordshire, na Salop ni Shropshire, na wako waliowahi kutafuta mji uitwao Salop kwenye ramani. Unaponakili anwani ya aina hiyo, viache vifupisho hivyo pamoja na kaunti zake, kisha ingiza postikodi iliyopo katika huduma ya kutafuta postikodi kwenye tovuti ya Royal Mail ili uone kama bado ipo. Baadhi zilibadilishwa: CF1 ya Cardiff, kwa mfano, haitumiki tena, na anwani zake zimepewa namba mpya kama CF10. Postikodi zilienea nchi nzima kufikia mwaka 1974, kwa hiyo barua ya kabla ya hapo huenda isiwe nayo kabisa, na utalazimika kuitafuta kwa barabara na mji.

Hapo ndipo kaunti inaporudi kuwa na kazi. Kama huna postikodi na jina la mji limerudiwa mahali zaidi ya pamoja, kaunti ndiyo itakayotenganisha. Kuna Ashford ya Kent, yenye postikodi za TN, na Ashford ya Surrey, yenye TW15, ambayo kwenye bahasha za zamani itaitwa Ashford, Middx. Kuna Gillingham ya Kent na Gillingham ya Dorset. Kuna Richmond iliyomo London na nyingine North Yorkshire, na Bangor ya Wales na nyingine ya County Down. Newcastle ya kaskazini hukamilishwa kwa kuandikwa Newcastle upon Tyne, na postikodi ya ile ya Staffordshire huanza na ST5. Kwa majina haya tumia kaunti kutafutia postikodi, na ukishaipata iondoe kaunti kwenye bahasha.

Kuandika bahasha yenyewe

Andika mistari yote ikianzia upande mmoja wa kushoto, bila mkato mwishoni mwa mistari, mji wa posta na postikodi kwa herufi kubwa, postikodi ikiwa na nafasi moja katikati na bila kupigiwa mstari chini. UNITED KINGDOM ikae chini kabisa. Usiandike England peke yake, kwa kuwa mashine ya nchi ya kutuma inaitafuta nchi kwa jina linalotambuliwa na mashirika ya posta duniani. Ikiwa ni kifurushi, anwani iliyo kwenye fomu ya forodha ifanane herufi kwa herufi na iliyo juu ya kifurushi, maana karatasi hizo mbili husomwa na watu tofauti.

Anwani yako mwenyewe iwekwe nyuma ya bahasha, ikiwa na sanduku la posta, namba ya posta, mji na jina la nchi. Barua ikishindikana kufikishwa, mara nyingi hurudi ikiwa na alama ya sababu. Alama inayosema mpokeaji amehama ina maana kwamba anwani ilikuwa sawa na tatizo ni la mtu, kwa hiyo mpigie simu ndugu yako. Alama inayosema anwani haikukamilika ina maana kwamba kilichokosekana ni namba ya nyumba, namba ya chumba au postikodi. Anza kuyakagua hayo matatu kabla ya kuituma tena.